Koti la Mvua si Turubai

Wapo watakaocheka wakisikia nikitetea koti la mvua kwa mwendesha baiskeli wa Galbet, ambako jua halina huruma. Na waikumbuke Novemba 2023, mafuriko yalipoikata barabara ya Garissa kwenda Nairobi. Isitoshe, kijana wetu atakaye mashindano hana budi kupanda nyanda za juu, na Limuru, iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, haimwulizi mtu atokako.

Wanunuzi wengi hudhani koti zito ndilo bora. Nailoni isiyopitisha hewa huzuia mvua, lakini hulizuia na jasho. Mtu hulowa kutoka ndani, na akiteremka kilima upepo humtetemesha. Mimi ningechagua jepesi, lenye matundu ya hewa kwapani, mgongo mrefu wa kukinga maji ya gurudumu la nyuma, na rangi ya kung'aa ili dereva wa lori amwone. Tena limbane, likipepea ni tanga.

Baridi si mzaha. Tarehe 5 Juni 1988, katika mashindano ya Italia, theluji ilianguka kwenye mlima Gavia. Johan van der Velde alifika kileleni wa kwanza akiwa na mikono mitupu, kisha akapoteza zaidi ya dakika 40. Mmarekani Andy Hampsten, ambaye timu yake ilimwandalia nguo za joto, alimaliza wa pili siku ile na hatimaye akatwaa ubingwa.

Basi wanaowagharimia vijana wetu nauli na jezi wawanunulie na koti, kabla ya kufikiria kombe.