NUSU SIKU YA KWENDA SHULENI



Katika mkutano wowote wa chama chetu, ukitaka kusikia kelele, taja habari ya shule. Kelele hizo huwa ni za pesa: yunifomu, vitabu, chakula cha mchana, mchango huu na mchango ule. Ni kelele za haki, na hatutaziacha. Lakini leo twataka kusema juu ya jambo lisilopigiwa kelele. Mtoto anakaa darasani siku tano kila wiki. Sisi wazazi wake tunajua nini juu ya yale anayojifunza? Wengi wetu hatujui kitu, wala si kwa sababu ya uvivu.

Mkutano wa wazazi huitwa siku ya kazi, saa tatu za asubuhi. Saa hiyo mama anayeshona nguo katika viwanda vya Athi River yuko mbele ya cherehani. Mchuma majani chai wa Kericho yuko shambani na kikapu mgongoni. Mpakiaji wa bandari ya Kilindini yuko zamuni. Akiomba ruhusa, msimamizi humwuliza, "Nani amekufa?" Maana ruhusa ya maziko inajulikana, ya shule haijulikani. Kibarua wa kutwa haombi hata kuomba, kwa kuwa akikosa leo, kesho atakuta mtu mwingine mahali pake. Basi inaandikwa kwamba mzazi hakufika, na maneno yanayofuata twayajua sote: wazazi wa siku hizi hawajali watoto wao. Neno hilo twalikataa kabisa.

Na yule anayefika, hupata nini? Mara nyingi husikia hotuba mbili za wakubwa, habari ya ukuta unaotaka kujengwa, na hesabu ya kila mzazi atoe kiasi gani. Amepoteza mshahara wa siku na daftari la mtoto wake hajaliona.

Tazameni sasa hiyo ripoti. Wengi wetu tulisoma katika mpango wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Ripoti yake tuliifahamu hata gizani: alama ngapi, namba ngapi katika darasa. Mwisho wake ulikuwa mtihani wa darasa la 8, ambao ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtaala mpya, ulioanza kuingia madarasani mwaka 2019, umeondoa mambo ya namba, wala hatusemi ni vibaya. Mtoto aliyeshika mkia alikuwa akiitwa mjinga tangu utotoni. Lakini ripoti mpya humwambia mzazi kwamba mtoto wake "anakaribia matarajio". Mzazi akisoma hivyo hufurahi. Kukaribia si ndiyo karibu kufika? Kumbe maana yake ni kwamba yako mambo ya gredi ile ambayo mtoto hajayaweza, naye atavuka kwenda gredi ya mbele na deni lake begani.

Deni la kusoma ndilo baya kuliko yote. Likijulikana katika gredi ya 2 hulipika kwa muda mfupi, kwa mwalimu kumshika mkono na dada yake kumsomesha jioni. Likijulikana katika gredi ya 6 limekwisha kuzaa madeni mengine, kwa sababu sayansi husomwa, na hesabu za maneno husomwa, hata swali la mtihani husomwa. Mtoto huyo tutamkuta baadaye kwenye lango la kiwanda alfajiri, anangoja kuitwa kibarua kama baba yake.

Kulijua deni hilo hakutaki mzazi mwenye elimu. Dakika 10 na mwalimu, mtoto asome ukurasa mmoja mbele ya mzazi wake, zatosha. Hata asiyejua herufi, sikio lake litamwambia kama mtoto anasoma au anabahatisha.

Kisha barua. Shule nyingi huandikia wazazi kwa Kiingereza. Utaratibu wa serikali yenyewe wataka mtoto wa gredi ya 1 hadi ya 3 afundishwe kwa lugha ya mahali anapoishi. Ikiwa mtoto amefikiriwa hivyo, mbona baba yake hafikiriwi? Habari nyingine hutumwa kwa WhatsApp, na mwenye simu ya mulika mwizi hapati kitu. Ujumbe mfupi wa Kiswahili hufika kwenye kila simu.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, tena katika halmashauri ya shule imeweka viti 6 vya wawakilishi wa wazazi. (Waulizeni wanaovikalia ni watu wa kazi gani. Wengi ni wale ambao asubuhi zao ni mali yao wenyewe.) Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ina likizo ya mwaka siku 21, ina likizo ya ugonjwa, ina miezi 3 ya mama mzazi na wiki 2 za baba, ya kwenda shuleni haimo.

Kwa hiyo twasema chama kidai, katika mapatano yajayo na waajiri, nusu siku yenye malipo kila muhula kwa kila mfanyakazi mwenye mtoto katika shule ya msingi. Mihula ni 3, basi ni siku moja na nusu kwa mwaka mzima. Anayelipwa kwa kilo ahesabiwe kwa wastani wa mavuno yake, na kibarua asisahauliwe, maana ndiye anayeumia zaidi.

Wengine watasema mikutano iwekwe Jumamosi. Mwalimu naye ni mfanyakazi, ana chama chake tangu mwaka 1957, na darasa lake limejaa watoto. Hatuwezi kutetea masaa yetu kwa kuyala masaa ya mwenzetu. Waajiri nao watalia hasara. Mashine ikiharibika wao husimamisha kazi asubuhi nzima, na kampuni haifi.

Nanyi akina baba, ruhusa hii ikipatikana msiitupe kwa mama peke yake. Wako kati yetu wanaojua wachezaji wote wa Arsenal kwa majina na hawajui mtoto yuko gredi gani.

Wajumbe wa kila mahali pa kazi waandike kabla ya mkutano wa tawi: wanachama wangapi wana watoto katika shule ya msingi, na wangapi walikatwa mshahara muhula uliopita kwa kwenda shuleni. Karatasi hizo zimfikie katibu wa tawi mapema, kwa sababu mezani pa mwajiri tutaulizwa hesabu.