Rungu na Kinga

Mji wenye akili haumwajiri mtu mmoja ajenge ukuta na mwingine aubomoe. Hata hivyo, ndivyo ifanyavyo serikali ambayo mchana humpa kahaba kondomu kwa mkono wa mwuguzi, na usiku humnyang'anya kwa mkono wa askari. Mikono yote miwili hulipwa kwa fedha ya umma, na hasara ya kazi hiyo huhesabiwa kwa uhai wa watu.

Kenya ina deni la zamani katika jambo hili. Tangu mwaka 1985 wanawake wa Pumwani, Nairobi, walitoa damu yao ili wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, wapate kuujua UKIMWI, maradhi yaliyokuwa mageni. Maarifa makubwa yalipatikana, hata ikajulikana kwamba baadhi yao walikutana na virusi mara nyingi wasiambukizwe. Dunia ilifaidika kwa damu hiyo; lakini barabarani wanawake wa kazi hiyo waliendelea kukamatwa, kutozwa rushwa na kuvunjiwa heshima.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, katika vifungu vya 153 na 154, humwandama aishiye kwa mapato ya ukahaba wa mwingine. Pengo lililobaki lilijazwa na sheria ndogo za miji, mfano wa zile za Nairobi za mwaka 2007, zilizofanya kosa kuzurura kwa nia ya ukahaba. Nia haionekani kwa macho. Basi askari huitafutia alama, akaiona mkobani: kondomu. Hapo kinga hugeuka kielelezo cha mashtaka. Mwanamke ajuaye kwamba kondomu tatu zaweza kumlaza korokoroni huziacha nyumbani, akaenda vitani bila ngao.

Yasemwa kwamba polisi ni mlinzi wa maadili, na kwamba kupatana na makahaba ni kuubariki uovu. Hoja hii ina sauti kubwa na uzito mdogo. Kama rungu lingaliweza kuufuta ukahaba, ungalifutika zamani, maana rungu halikupumzika. Virusi navyo havisomi hati ya mashtaka: humfuata mteja hadi nyumbani kwa mkewe. Asiyemhurumia kahaba na amhurumie basi mke huyo, asiyejua lolote.

Mwaka 2014 jarida la Lancet lilichapisha hesabu za wataalamu juu ya Mombasa, Vancouver ya Kanada na Bellary ya India. Walikadiria kwamba kuiondoa kazi hiyo katika orodha ya jinai kungeweza kuepusha asilimia 33 hadi 46 ya maambukizi katika miaka 10. Kukomesha ukatili wa kingono peke yake kungeepusha asilimia 17 nchini Kenya. Hizo si hesabu za huruma, bali za wagonjwa.

Lakini ushirikiano nao una bandia yake. Askari huitwa hotelini, hufundishwa siku mbili, hupigwa picha, kisha hurudi zamu na sheria ile ile, amri ile ile na njaa ile ile ya hongo. Semina isiyobadili amri ni chokaa juu ya ukuta uliooza. Kolkata, India, ilianza penginepo. Katika mtaa wa Sonagachi, tangu mwaka 1992, Daktari Smarajit Jana aliwafanya wanawake wenyewe kuwa walimu wa wenzao, na mwaka 1995 wakaunda chama chao, Durbar. Walipokabiliana na polisi walikuwa umma wenye sauti, si mwanamke mmoja gizani. Mapatano hufanywa na pande mbili. Upande mmoja ukiwa bubu, hayo si mapatano bali ni hisani, na hisani huondolewa wakati wowote.

Kwa hiyo anayetaka ushirikiano wa kweli na adai mambo yanayoweza kusomwa na kupimwa. Itolewe amri ya maandishi kwamba kondomu na dawa za kinga si ushahidi. Mwanamke aliyebakwa aandikiwe taarifa yake, wala asiulizwe kwanza anakula nini. Askari alaye rushwa ashtakiwe mbele ya chombo huru cha kusimamia polisi, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, si mbele ya mkuu wake wa kituo. Na sheria ndogo za kuzurura zifutwe, kwa maana ndizo shamba la rushwa hiyo.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachowezekana. Neno lililoandikwa ni "kila mtu". Halikufuatwa na "isipokuwa". Askari aliyeapa kuitii Katiba hawezi kuliongeza neno hilo usiku kwa rungu lake.