Batri ya zamani nyuma ya kanisa isiuzwe kwa kilo

RUASHI, Lubumbashi – Nyuma ya makanisa mengi, kati ya benchi zilizovunjika na spika zisizolia tena, kuna batri iliyostaafu. Ngoma kubwa ya mguu imejaa vumbi, vyuma vimeshika kutu, tom moja haina ngozi. Siku komite inapotafuta pesa, au nafasi ya kuweka viti, anaitwa mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Jicho lake linakwenda kwanza kwenye sahani. Zile nzuri zimetengenezwa kwa shaba na bati, shaba yenyewe ikiwa kama asilimia 80, na katika mji huu hata mtoto anajua shaba ni pesa. Basi vyuma vinakwenda kwa kilo, mbao zinakwenda jikoni.

Ni hasara, na mara nyingi wanaouza hawajui wanachouza.

Batri iliyochakaa namna hiyo inaweza kuwa ya Japani, ya miaka ya 1960, 1970 au 1980. Haijalishi ilifika kwa mkono wa mmisionari, wa mwanamuziki, au ilipita Kasumbalesa kati ya mizigo ya okazio. Kiwanda cha Pearl kilianza mwaka 1946 kwa kutengeneza stendi za kuwekea karatasi za muziki, kisha kikaingia kwenye ngoma. Yamaha ilianza kutengeneza batri mwaka 1967. Kampuni ya Hoshino ilikuwa inauza ngoma kwa jina la Star, na mwaka 1974 ikaanza kutumia jina la Tama. Wajapani wenyewe si wageni Katanga: wazee wanawakumbuka watu wa Nippon Mining waliochimba shaba Musoshi miaka ya 1970.

Kibandiko cha jina kinadanganya. Katika miaka ya 1960 viwanda vya Japani vilitengeneza batri nyingi kwa ajili ya wafanyabiashara wa Marekani na Ulaya, kila mmoja akabandika jina lake. Ngoma mbili zilizotoka kiwanda kimoja zinaweza kuwa na majina mawili, na nyingine haina jina kabisa. Anayetaka kujua afungue ngozi atazame ndani. Zile za bei ndogo za miaka hiyo zina mbao nyembamba za luan, nyekundu-kahawia, kwa kawaida tabaka tatu zilizogandishwa pamoja, na pete ya mbao imezungushwa juu na chini kuzipa nguvu. Halafu atazame umbo la vile vyuma vidogo vinavyoshika skrubu ubavuni. Kila kiwanda kilikuwa na umbo lake, na picha mbili tatu kwenye simu zinatosha kulinganisha.

Kuna pia wanaotumiana ujumbe kwamba batri yoyote ya Japani ya zamani ni maelfu ya dola. Waache. Ngoma za luan zilikuwa za wanafunzi, na hata leo si mali ya kutajirisha mtu. Thamani yake ni kwamba bado zinaweza kulia.

Kazi ya kuzirudisha haihitaji maabara. Vyuma vyote vinatolewa na kuwekwa kwenye bakuli, kila ngoma na bakuli lake, maana skrubu za ngoma moja zinaweza kukataa kuingia kwenye nyingine. Kutu ya juu juu inatoka kwa kipande cha karatasi ya aluminiamu na siki kidogo. Msasa unaua ile nikeli inayong'aa. Tabaka za mbao zilizoachana zinarudishwa kwa gundi ya seremala na kubanwa usiku mzima. Kisha ngoma inawekwa juu ya kioo au meza iliyonyooka, taa ndani, chumba kiwe na giza. Mwanga ukipenya chini, ukingo umepinda, na hapo hata ngozi mpya haitatoa sauti safi. Na tafadhali, rangi ya mafuta ya madirisha isiguse ngoma. Makanisa yanapenda sana batri nyeupe.

Sasa, kwa nini kujisumbua wakati batri mpya za bei nafuu zipo? Kwa sababu ile mpya haiguswi. Waamini wameichangia, imefunikwa kitambaa, na mpigaji ni yule yule kila Jumapili. Hilo linaeleweka. Lakini kijana aliyekimbia vita na familia yake, aliyekuwa anapiga kwenye kwaya ya kwao, anafika hapa na nguo alizovaa, anaambiwa asubiri mpaka ajulikane. Anasubiri mwaka mzima akipiga magoti yake kwa vidole. Mkono wa mpiga batri unasahau haraka.

Na inchi hii inajua mpiga batri ni nani. Zaiko Langa Langa, iliyoanza Kinshasa mwaka 1969, isingekuwa Zaiko bila Meridjo Belobi na mapigo ya cavacha yaliyofanya rumba ikimbie.

Kwa hiyo komite zifanye jambo moja kabla ya kuita mizani: ile batri ya nyuma itolewe uani Jumamosi moja, vijana wa mtaa na vijana wa familia zilizokimbia waifungue pamoja, na wakiimaliza iwe ya kujifunzia, bila kuuliza mtu ni mwanakwaya tangu lini. Ngozi ndiyo gharama kubwa. Kwa kawaida zinapimwa kwa inchi za rula, 12, 13, 16, 22, na ngozi ya kiwanda chochote yenye kipimo hicho inaingia. Ile iliyotolewa kwenye batri mpya kwa sababu imechoka inatosha kuanzia. Sahani iliyopasuka ukingoni inakatwa ile sehemu, inaendelea kulia. Ufunguo wa kukazia ukikosekana, tundu lake ni la mraba tu, na fundi wa pikipiki anaweza kuuchonga kwa kipande cha chuma.