Databesi Si Stoo ya Kutupa Vitu

Makoda wa Nairobi, leo ni nyinyi. Mkipewa kazi ya apu mnabishana wiki tatu kuhusu rangi ya batani. Databesi mnaifanya usiku mmoja, mambo yaishe. Msimamizi wa databesi akiuliza maswali, mnamwita Mzee wa Hapana.

Sawa. Chukua apu ya kukusanya kodi ya nyumba hapa Tassia. Mama wa B4 amelipa elfu nane kwa M-Pesa, seva yako inaletewa ujumbe. Mtandao ni mtandao, ujumbe mmoja unaweza kufika mara mbili. Apu yako inauliza: nambari hii ya muamala iko? Haiko, weka. Poa, umejipanga. Lakini nakala mbili zikiingia sekunde moja, zote zinauliza, zote zinaambiwa haiko, zote zinawekwa. Sasa apu inasema mama amelipa elfu kumi na sita na mwezi ujao hana deni. Anapeleka pesa kwa karo. Halafu mwenye ploti anahesabu pesa za benki, zimepungua. Kufuli inawekwa mlango wa nani? Si wako.

Mzee wa Hapana angeimaliza hiyo stori na mstari mmoja tu: nambari ya muamala isijirudie. Ya pili ikija, databesi yenyewe inaikataa, hata kama apu yako imelala. Mimi niliacha kampasi na bado naelewa hii.

Najua mtasema hao wasimamizi wanachelewesha. Unaomba kitu kidogo Jumatatu, unajibiwa Ijumaa, tena unaongeleshwa kama mtoto. Ni kweli, inaboa sana. Basi muwaite siku ya kwanza, kabla hamjaandika chochote, si siku ya kutafuta wa kulaumu.

Na msiniambie nyinyi ni wakali. GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za makoda dunia nzima, mhandisi wao alifuta data kwa seva isiyofaa tarehe 31 Januari 2017. Kucheki bekapu, kadhaa hazikuwa zinafanya kazi. Data ya karibu saa sita ikapotea. Wewe yako ulijaribu kuirudisha lini?

Na kama wewe ni mpangaji tu na ploti yenu imeingia kwa apu, zile SMS za M-Pesa usifute.