Chupa ya maji ibaki ya maji

Najua nimeadimika, zamu za usiku hazina huruma. Leo nina mapumziko, nguo nimeshafua, chai ya maziwa iko pembeni, basi nikasema nikae nizungumze na nyinyi kidogo.

Juzi mdogo wangu kaniuliza kwenye simu: "Dada, na huko kwenye neema na nyie mnaweka makopo?" Tunaweka tena sana! Mimi ni mtoto wa Unguja, nikishika kopo tupu la maziwa ya unga mkono hauendi kulitupa. Yangu yana mchele, kunde, karafuu alizonipa mama, na moja limejaa vifungo na sindano. Vikopo vya mtindi ndivyo vinavyobeba mchuzi wangu wa zamu. Sista wa Kerala ninayekaa naye kalikata katikati galoni la mafuta ya kupikia, kaotesha kotmiri dirishani, na tunaichuma kila siku.

Lakini ujanja ulionichekesha kuliko wote nimefundishwa na wenyeji wa hapa Muscat. Matangi ya maji yanakaa juu ya paa, na kiangazi joto hapa hupita nyuzi 40. Ukifungua bomba la baridi mchana yanatoka maji ya kunyonyolea kuku! Basi watu wanafanyaje? Wanazima hita ya bafuni, miezi yote ya joto. Lile pipa la hita liko ndani ya nyumba na limevikwa vizuri kuzuia joto lisipite, kwa hiyo maji yakilala humo yanapoa taratibu kufuata ubaridi wa nyumba. Ukitaka kuoga unafungua bomba la moto, ndilo lenye maji ya kuogeka. Mgeni ukimwambia anadhani unamtania. Ila uoge haraka, maana kila unachotoa kinajazwa na maji ya paani, na anayefuata bafuni ndiye atakayeungua.

Wengine wanakinga maji ya kiyoyozi kwenye ndoo. Pwani hii ina unyevu mwingi wakati wa joto, ndoo inajaa kabla hujageuka. Hayana chumvi, yanafaa kumwagilia maua na kupigia deki. Kunywa, hapana. Yameteremka juu ya vyuma na vumbi la mashine, na mabomba yake huota ukungu. Kitu kupewa kazi ya pili ni jambo zuri, lakini kazi yenyewe lazima iulizwe.

Msidhani shahada imenifanya nidharau ujanja wa nyumbani. Mwaka 1978 huko Bogotá, nchini Colombia, hospitali ilikuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za kuwapa joto, madaktari wakaanza kuwafunga watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Ndiyo huo tunaouita mtindo wa kangaruu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri uanze mara tu mtoto anapozaliwa. Na sisi kitambaa cha kumfungia tunacho tangu zamani, kanga! Au mtu anaharisha usiku na pakiti ya ORS hakuna: chupa mbili za nusu lita za maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Anywe kidogo kidogo, asubuhi apelekwe kituoni. Hapo chupa ya soda imekuwa kipimo, na ni kipimo kizuri kabisa.

Sasa nije kwenye ugomvi wangu, maana ugomvi ninao. Chupa hizo hizo, nyumbani kwetu, ngapi zina mafuta ya taa? Ngapi zina Jik, au dawa ya choo?

Kabla sijaja huku nilimpokea mtoto, hajatimiza miaka miwili. Saa tisa mchana, jua kali, kaona chupa ya maji uvunguni kwa bibi yake, kapiga mafunda. Yalikuwa mafuta ya taa. Jirani kwa huruma yake kamtapisha kwa kidole, kisha kampa maziwa. Alipofika kwetu anapumua kwa shida, mbavu zinaingia ndani. Siku nne alikuwa kwenye oksijeni. Alipona, alhamdulillah, lakini ile sauti ya kifua chake sijaisahau.

Mafuta ya taa ni mepesi, yanateleza yakaingia kwenye mapafu, na huko ndiko yanakofanya madhara makubwa. Ukimtapisha mtoto unayapitisha kooni mara ya pili, unayapa nafasi nyingine ya kuingia. Maziwa hayayatoi, na yanaweza kumtapisha vile vile. Usimpe kitu, usimtie kidole, mvue nguo iliyomwagikiwa, mkimbize hospitali na chupa yenyewe uende nayo.

Najua majibu yenu. "Tunaandika juu ya chupa." Mtoto wa mwaka na nusu anasoma? "Tunaficha uvunguni." Uvunguni ndipo urefu wake yeye anayetambaa! Wala simlaumu bibi. Mafuta dukani yanauzwa kwa kipimo, unakwenda na chombo chako, na chombo kilichopo ni chupa ya maji. Siku hizi gesi imeingia, lakini umeme ukikatika koroboi bado inatafutwa, na jiko la mafuta bado liko kwenye nyumba nyingi.

Kwa hiyo rai yangu ni hii, na hapa sibembelezi. Kitu chochote kilichowahi kubeba cha kunywa kisibebe sumu hata siku moja, hata kwa usiku mmoja. Jik ikae kwenye chupa yake ya Jik. Mafuta ya taa yawe na dumu lake moja, la rangi ambayo maji hayauzwi nayo, mfuniko wa kukaza, likae juu ambako hata mtoto akipanda kiti hafiki. Dumu halina bei kubwa.

Mama, najua unasomewa hii. Makopo uliyoniagiza nimeshayakusanya kumi na mawili, yanakuja na mzigo. Ile chupa ya maji ya nusu lita iliyo nyuma ya mlango wa jikoni, yenye kitambaa mdomoni, naomba itoke leo kabla wajukuu hawajarudi chuoni.

Haya, kesho naingia saa moja usiku. Nisalimieni mtaa mzima.