MSAADA UNA MWENYEWE

Tarehe 20 Januari 2025 mambo mawili yalitokea kwa siku moja. Huku kwetu, Rais alitangaza mjini Dodoma kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia Biharamulo, jirani na Muleba. Huko Washington, Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nchi za nje kwa siku 90. Mtu wa Biharamulo hakuulizwa, wala hakuna aliyelazimika kumwuliza, maana fedha si yake. Tarehe 1 Julai mwaka ule ule USAID yenyewe ikafungwa, na shughuli zilizobaki zikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani.

Ndugu wanachama, tuseme wazi: hatuna ugomvi na mashirika ya hisani. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi katika Tanzania walionekana mkoani kwetu, mwaka 1983. Bukoba na Muleba tulizika vijana mpaka vibanja vikabaki na bibi na wajukuu. Hospitali za makanisa, kama Ndolage na Rubya, zilisimama nasi. Mashirika ya ng'ambo pia. Mpango wa PEPFAR, ulioanzishwa na Serikali ya Marekani mwaka 2003, ulileta dawa. Mwaka 2007 nyumba za Muleba zilianza kupulizwa dawa ya mbu kwa fedha za Serikali hiyo hiyo. Asiyeshukuru kwa hayo si muungwana.

Lakini kushukuru si kufumba macho. Mashirika haya twayaita "yasiyo ya kiserikali". Shirika likipata sehemu kubwa ya fedha zake kutoka serikali fulani, serikali hiyo ndiyo itakayoamua lifanye kazi wilaya gani, lishughulikie ugonjwa gani, kwa miaka mingapi, na lihesabu nini. Mkataba ukitaka idadi ya waliopimwa, mtumishi atatafuta watu wa kupima. Mwenye shida isiyo na nafasi katika fomu atarudi nyumbani nayo. Taarifa huandikwa kwa Kiingereza ikapelekwa juu, kijijini hairudi.

Tazameni lile sharti la Mexico City, lililoanza mwaka 1984. Shirika la nchi nyingine likipokea fedha za Marekani za uzazi wa mpango, lilikatazwa kutoa au kutetea huduma ya kutoa mimba, hata kwa fedha zake lilizopata kwingine. Mwaka 2017 sharti likatandazwa juu ya karibu fedha zote za afya. Mwaka 2021 likaondolewa. Mwaka 2025 likarudishwa. Hatubishani hapa juu ya kutoa mimba. Sheria ya nchi yetu ina neno lake. Twauliza tu: ni nani aliyepiga kura? Hakuwa mtu wa Kamachumu wala wa Maruku. Uingereza nayo ilishusha misaada yake mwaka 2021 kutoka asilimia 0.7 ya pato lake hadi 0.5, na Februari 2025 ikatangaza kwamba itashuka hadi 0.3 ifikapo 2027, ili fedha ziende jeshini.

Serikali yetu nayo ina masharti yake. Sheria ya mwaka 2002 inadai usajili. Kanuni za mwaka 2018 ziliagiza shirika linalopata zaidi ya shilingi milioni 20 litangaze chanzo na matumizi, na mkataba upelekwe Hazina na kwa Msajili katika siku 10. Wako wanaosema hiki ni kitanzi. Sisi twasema kutoa hesabu ni haki. Lakini hesabu anapewa nani? Tangazo la gazeti la Dar es Salaam halimfikii mama wa Nshamba. Tena shirika kubwa lina wahasibu na mawakili. Kikundi cha wajane hakina, nacho hupimwa kwa kipimo kile kile. Na siku sheria itakapotumiwa kumnyamazisha anayeikosoa halmashauri, haitakuwa tena ngao ya mwananchi.

Njia nyingine iko. Hapo hapo Nshamba, mwaka 2003, lilianzishwa shirika la Kwa Wazee kwa msaada wa marafiki wa Uswisi. Lenyewe liliamua kumpa bibi anayelea yatima pensheni ya fedha taslimu, aamue mwenyewe kama ni chumvi, sabuni au viatu vya shule. Na Zanzibar, Aprili 2016, ilianza kuwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na zaidi kutoka katika bajeti yake yenyewe. Basi kumbe yawezekana.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, kila shirika linalofanya kazi Bukoba na Muleba libandike hesabu zake kwa Kiswahili katika ofisi ya kijiji. Pili, watumishi wa ukimwi na malaria wanaolipwa na miradi waingizwe katika ajira ya Serikali, kidogo kidogo lakini kwa tarehe zinazojulikana. Na tozo zilizowekwa katika bajeti ya 2025/26 kwa ajili ya Mfuko wa Udhamini wa Ukimwi zitolewe hesabu hadharani. Tatu, mashirika madogo ya wananchi yapunguziwe mzigo wa karatasi.

Wazee wetu waliunda ushirika wa kahawa wa Bukoba mwaka 1950, chini ya mkoloni, kwa jasho lao. Walijua kwamba mtegemea cha ndugu hufa maskini. Viongozi wa matawi, mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu. Katika mkutano ujao, ulizeni: fedha hizi ni za nani, na zikikoma kesho, nani atampa mgonjwa dawa? Msiondoke kabla ya kujibiwa.