Gesi ya friji imebadilika, mtihani wa fundi nao ubadilike

MFANYABIASHARA wa samaki anapoharibikiwa na friza, hana muda wa kuchunguza elimu ya fundi. Anamwita aliye karibu, na akionyeshwa cheti anaridhika. Haulizi cheti hicho kilitolewa mwaka gani, wala mwaka huo friji zilitumia gesi ipi.

Swali hilo si dogo. Friji za zamani zilitumia gesi ya R-12, ambayo Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 uliiwekea kikomo kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Nchi zinazoendelea zilitakiwa kuachana nayo ifikapo 2010. Ikaja R-134a, nayo ikaonekana kuongeza joto la dunia, hivyo ikaingizwa katika gesi za kupunguzwa kwa makubaliano yaliyofikiwa Kigali, Rwanda, Oktoba 2016. Leo friji nyingi mpya za nyumbani na dukani zinakuja na R-600a.

Kila gesi ina masharti yake. R-134a haipatani na mafuta ya kompresa yaliyotumika na R-12, na fundi asiyejua hilo anaua kompresa. R-600a haidhuru ozoni, lakini inashika moto kama gesi ya kupikia. Fundi anayechomelea mrija kabla ya kuitoa gesi yote na kupitisha hewa chumbani anahatarisha maisha yake na ya mwenye duka.

Hasara haiishii dukani. Maziwa yanatakiwa kupozwa hadi nyuzi joto 4 muda mfupi baada ya kukamuliwa. Tangi la kituo cha kukusanyia maziwa likisimama usiku mmoja kwa matengenezo mabovu, asubuhi mfugaji anarudishiwa maziwa yaliyochacha. Fundi keshalipwa na kuondoka.

Tatizo ni kukichukulia cheti kama ushahidi wa kudumu. Marekani, ambako mafundi wa gesi hizi wanatakiwa kuwa na cheti tangu Novemba 1994, cheti hicho hakiishi muda. Umoja wa Ulaya umechagua njia nyingine: kanuni yake ya mwaka 2024 inawataka mafundi kurudia mafunzo au kupimwa upya angalau kila baada ya miaka 7, na imeingiza gesi zinazowaka katika mambo ya kupimwa.

Njia hiyo ya pili ndiyo inayofaa hapa Tanzania. Wapo watakaosema kuwa itamkamua fundi mdogo, na hoja yao ni ya haki. Fundi wa wilayani hawezi kufunga kibanda mwezi mzima arudi darasani. Lakini hahitaji kuanza upya. Anahitaji kupimwa kwa yale tu yaliyobadilika. Siku moja ya vitendo katika chuo cha ufundi kilicho karibu inatosha kuonyesha kama anajua kutambua gesi, kuitoa kwa usalama na kujaza kipimo sahihi. Waingizaji wa friji wachangie gharama, kwa kuwa wao ndio wanaoleta teknolojia mpya sokoni.

Aidha, NACTVET na VETA zisingoje mtaala mzima uandikwe upya ndipo swali moja libadilike. Gesi mpya ikiingia nchini, maswali na majaribio ya vitendo yanayoihusu yaingie katika mtihani unaofuata. R-22, iliyo katika viyoyozi na vyumba vingi vya baridi, inatakiwa kuondoka ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Tarehe hiyo inajulikana, kwa hiyo hakuna sababu ya kushtukizwa.

Wakati hayo yakisubiriwa, mwenye friji asome kibandiko kilicho nyuma yake au kwenye kompresa, kwani jina la gesi limeandikwa hapo. Kisha amuulize fundi amewahi kuishughulikia wapi. Akibabaika, ni nafuu kutafuta mwingine kuliko kununua kompresa mpya.